UZI: Waliokataa kura na waliounda chama – nani hasa aliuvunja utumwa Marekani?

#1 Mleta Mada

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna jambo limenikaa kichwani muda mrefu, leo naomba tulijadili kwa kina. Ukitaja kukomeshwa kwa utumwa Marekani, jina la kwanza kumtoka mtu mdomoni ni la Rais Abraham Lincoln. Alisaini tangazo tarehe 1 Januari 1863, minyororo ikakatika, habari ikaisha. Mimi naona hapo tunajinyima mengi. Miaka thelathini na zaidi kabla ya saini ile kulikuwa na watu wachache waliokuwa wakizomewa na kupigwa mawe kwa kudai utumwa ufe, na watu hao hao walikosana wao kwa wao mpaka chama chao kikapasuka vipande viwili. Lengo lao lilikuwa moja. Walichokosania ni njia. Uovu ulioandikwa ndani ya sheria unauondoaje? Unajitenga na sheria hiyo na kuilaani mchana kweupe, au unaingia ndani yake uigeuze?

Upande wa kwanza kinara wake alikuwa William Lloyd Garrison, mchapaji, mtoto wa baharia aliyeitelekeza familia yake. Mwaka 1830 alifungwa siku 49 huko Baltimore kwa sababu alimwandika gazetini mwenye meli mmoja aliyesafirisha watumwa. Alipotoka akaenda Boston, na tarehe 1 Januari 1831 akatoa toleo la kwanza la gazeti lake, The Liberator. Kinachonigusa hadi leo ni kwamba katika toleo hilo hilo aliomba radhi. Aliomba kwa Mungu, kwa nchi yake na kwa watumwa, kwa kuwa mwaka mmoja na nusu nyuma alikuwa amesimama kanisani akaunga mkono utumwa uondolewe polepole.

Neno hilo "polepole" mtu akilisikia leo anaona lina busara. Tazameni lilivyofanya kazi. Sheria ya Pennsylvania ya 1780 ilimwacha mtumwa aliyekuwapo katika utumwa wake uleule, ikasema watoto watakaozaliwa baada ya hapo watamtumikia bwana wa mama yao mpaka wafike miaka 28. Mama anakufa mtumwa, mtoto anamaliza ujana wake wote akimfanyia kazi mtu mwingine, na nchi inajisifu kwamba imeanza kukomesha. Ndiyo maana Garrison na wenzake walisema utumwa ukome sasa hivi, wenye watumwa wasilipwe hata senti, na mtu mweusi asifukuzwe kupelekwa Liberia kama ilivyotaka jumuiya ya kuwahamisha iliyokuwa ikiungwa mkono na wakubwa wengi wa nchi. Azimio la chama chao cha kupinga utumwa (American Anti-Slavery Society), lililotolewa Philadelphia mwaka 1833, lilisema kama kuna wa kulipwa fidia, basi ni mtumwa.

Garrison aliendelea mbele zaidi. Aliisoma Katiba ya Marekani akaona imemlinda mwenye watumwa. Kila watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu katika kugawa viti vya Bunge, maana yake bwana alipata nguvu zaidi bungeni kwa sababu ya watu aliowafunga. Tena kulikuwa na kifungu kinachotaka mtumwa mtoro arudishwe kwa bwana wake. Kwa hiyo akakataa kupiga kura na kugombea, akawaambia wafuasi wake majimbo ya Kaskazini, yaliyokuwa yameachana na utumwa, yajitenge na ya Kusini yenye watumwa. Tarehe 4 Julai 1854, sikukuu ya uhuru, huko Framingham, aliinua nakala ya Katiba mbele ya umati akaitia moto.

Upande wa pili walikuwa akina James Birney, Lewis Tappan na Gerrit Smith. Birney mwenyewe aliwahi kumiliki watumwa huko Kusini, akawaachia huru. Hawa walisema dhamiri ya mwenye shamba la pamba hatutaigusa kwa mahubiri, tuiguse serikali. Mwaka 1840 wakaunda chama cha siasa, Liberty Party, yaani Chama cha Uhuru, na Birney akagombea urais. Alipata kura zipatazo 7,000 nchi nzima.

Msimamo wangu nausema mapema: mimi namheshimu sana Garrison, lakini nadhani kukataa kura lilikuwa kosa. Karibuni.

#2 Mgeni Jukwaani

Mkuu nashukuru kwa uzi huu. Mimi nakuunga mkono moja kwa moja. Gazeti halivunji mnyororo. Uovu uliokaa kwenye sheria unaondoka kwa sheria, na sheria zinatungwa na watu waliochaguliwa. Kura 7,000 zinaonekana kichekesho, lakini hesabu tuendelee nayo: mwaka 1844 Birney huyo huyo alipata kama 62,000. Mwaka 1848 chama cha Free Soil kikapata zaidi ya 290,000. Mwaka 1854 kinazaliwa chama cha Republican, na 1860 kinashika urais. Kutoka kura elfu saba mpaka Ikulu ni miaka ishirini. Muda wote huo Garrison yuko Boston anachoma karatasi.

#3 Mwalimu Mstaafu

Wanangu, ngoja nitie neno, maana hesabu hiyo imeruka kitu.

Kwanza 1844. Wagombea wakubwa walikuwa James Polk na Henry Clay, wote wawili wana watumwa. Polk alitaka Texas iingizwe katika nchi ikiwa na utumwa wake. Clay alikuwa akisitasita. Jimbo la New York ndilo lililoamua, na Polk alilichukua kwa tofauti ya kura kama 5,000. Sasa Birney, mgombea wa wapinga utumwa, alipata pale New York zaidi ya kura 15,000. Wengi wa wapiga kura wale walitoka upande ambao kwa kawaida ungempa Clay. Polk akaingia madarakani, Texas ikaingia na utumwa, mwaka 1846 vita na Mexico ikaanza, na nchi ikaongezewa ardhi ambayo wenye watumwa waliitolea macho. Kura safi kabisa, iliyopigwa kwa dhamiri safi, ikamsaidia mtu mbaya zaidi. Garrison alipoonya kwamba ukiingia kwenye mashine ile itakutumia, hakuwa anaota.

Pili, angalia mlolongo ule unaousifu ulivyokuwa ukipungua makali kadiri kura zilivyokuwa zikiongezeka. Chama cha Uhuru kilisimama juu ya kupinga utumwa. Free Soil ilisema utumwa usienee katika maeneo mapya, na mgombea wake wa 1848 alikuwa Martin Van Buren, rais wa zamani ambaye alipokuwa madarakani aliwafurahisha watu wa Kusini. Wengi waliomfuata hawakumjali mtumwa. Walitaka ardhi ya magharibi ibaki ya mzungu asiye na mtaji, asishindane na kazi ya bure. Republican ya 1860 nayo iliahidi kutogusa utumwa mahali ulipo. Lincoln alipoapishwa Machi 1861 alilirudia hilo kwa kinywa chake. Kila hatua watu waliongezeka na dai likapungua.

Mtu akiuliza nani alilishika dai zima bila kulipunguza miaka ile yote, jibu ni wale wakaidi wa Boston.

#4 Mleta Mada

Shikamoo Mwalimu. Hapo kwenye 1844 umenibana, nakiri. Ile tofauti ya 5,000 nilikuwa naifahamu lakini sikuwa nimeiweka karibu na 15,000 za Birney.

Ila nauliza: kulishika dai zima kuna faida gani kama hakuna anayelitekeleza?

#5 Dada wa Maktaba

Naomba nichangie kutoka upande ambao hamjaugusa.

Mnazungumza "kupiga kura au kukataa kupiga kura" kana kwamba kila mtu kwenye chumba kile alikuwa na kura. Wanawake hawakuwa nayo. Watu weusi wa Kaskazini walikuwa wamenyimwa katika majimbo mengi, na Pennsylvania iliwanyang'anya rasmi mwaka 1838. Mtumwa ndiyo kabisa. Sasa ukiamua kwamba njia ni chama cha siasa, umeamua pia kwamba wenye kuendesha harakati ni wanaume weupe, wengine wote ni wa kushangilia.

Chama chao cha kupinga utumwa kilipasuka Mei 1840 katika mkutano wa New York. Waliokuwa wakivutana juu ya siasa na Katiba walikuwa wamevutana muda mrefu, lakini siku yenyewe kilichowatoa watu ukumbini kilikuwa ni mwanamke. Abby Kelley, mwalimu, alichaguliwa kuingia katika kamati ya shughuli. Lewis Tappan na wenzake walisema hawawezi kukaa kamati moja na mwanamke, wakatoka wakaenda kuunda chama chao. Upande wa Garrison ndio uliombakisha kitini. Kwa hiyo ule unaoitwa msimamo mkali uliacha mlango wazi kwa watu ambao siasa iliwafungia.

Na hao wasio na kura ndio waliofanya siasa kubwa kuliko zote za miaka ile: maombi ya wananchi kwa Bunge. Katiba iliruhusu mtu yeyote kupeleka ombi. Wanawake walizunguka nyumba kwa nyumba wakikusanya saini kudai utumwa ukomeshwe katika mji mkuu, Washington, ambako Bunge lilikuwa na mamlaka kamili. Karatasi zilifurika mpaka mwaka 1836 wabunge wakapitisha kanuni kwamba ombi lolote kuhusu utumwa liwekwe pembeni bila kusomwa. Kanuni hiyo ilidumu mpaka Desemba 1844, na aliyepambana nayo ndani ya Bunge alikuwa John Quincy Adams, rais wa zamani, mzee aliyevuka miaka 70, ambaye hata hakuwa mfuasi wa Garrison. Mtu wa Kaskazini ambaye habari za mtumwa hazikumhusu aliamka siku moja akaona haki yake mwenyewe ya kusikilizwa imefungiwa kabatini ili mwenye watumwa asiudhike. Hapo wengi walianza kuelewa.

Nawauliza sasa: ile ilikuwa njia ya itikadi kali au ya siasa? Saini zilikusanywa na wakali, zikabebwa na mwanasiasa.

#6 Mgeni Jukwaani

Dada umenifungua macho, sikuwa najua habari za Abby Kelley. Lakini mbona hamumtaji Frederick Douglass? Yeye alikuwa mtumwa hasa, akawa na Garrison, kisha akamhama. Nadhani ushahidi wake una uzito kuliko wa wote.

#7 Mleta Mada

Nilikuwa namweka akiba, mkuu, umeniwahi.

Douglass alitoroka Maryland Septemba 1838. Agosti 1841 alisimama katika mkutano kisiwani Nantucket, akasema kwa mara ya kwanza mbele ya umati wa watu weupe aliyoyapitia, na tangu hapo akawa msemaji wa kundi la Garrison. Miaka kumi aliamini kama wao: Katiba ni ya wenye watumwa, usiiguse. Mwaka 1847 alianzisha gazeti lake Rochester, jambo ambalo marafiki zake wa Boston hawakulipenda. Huko akawa jirani wa kimawazo na Gerrit Smith, akasoma hoja za upande wa pili, kwamba neno "mtumwa" halimo hata mara moja katika Katiba, na kwamba maandishi yenye kuahidi haki yasomwe kwa faida ya haki. Mei 1851, katika mkutano wa Syracuse, alitangaza hadharani kwamba amebadilika, Katiba inaweza kutumiwa kuua utumwa. Garrison akasema pale pale kwamba kuna ulaghai mahali fulani. Hawakupatana tena kama zamani.

Nikisoma tukio hilo naumia. Watu wawili waliopendana, mmoja amezaliwa ndani ya kile wanachopigana nacho, na mwingine anamwambia nia yako si safi kwa sababu umesoma karatasi ileile ukaona kitu kingine.

Kwangu mimi hoja ya Douglass ilikuwa ya kivitendo kuliko ya kisheria. Kaskazini ikijitenga kama Garrison alivyotaka, watu zaidi ya milioni tatu wanabaki Kusini peke yao na mabwana zao. Mikono yako inakuwa safi, ya kwao inabaki na pingu. Mtu aliyeacha jamaa zake kule hawezi kulikubali hilo kirahisi.

#8 Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hapo kwa Douglass sina pingamizi. Ila msimfanye mtu wa kura tu.

Agosti 1859 Douglass alikwenda Chambersburg, Pennsylvania, katika machimbo ya mawe yaliyoachwa. John Brown, mzungu mpinga utumwa aliyeamini silaha, alikuwa akimsubiri pale amevaa kofia chakavu na kushika vifaa vya uvuvi ili asitambulike. Wakaketi juu ya mawe. Brown akamweleza kwamba atavamia ghala la silaha la serikali pale Harpers Ferry, Virginia, watumwa waje kwake kama nyuki. Douglass akamwambia unaingia kwenye mtego wa chuma, hutatoka. Walibishana sehemu kubwa ya siku mbili. Douglass alikuwa amekuja na kijana mmoja, Shields Green, aliyetoroka utumwa Charleston. Alipoinuka kuondoka akamuuliza Green unaamuaje. Green akajibu kwamba yeye atakwenda na mzee.

Brown alivamia usiku wa tarehe 16 Oktoba 1859 akiwa na watu 21. Ndani ya siku mbili yakawa yamekwisha. Akanyongwa tarehe 2 Desemba. Shields Green naye akanyongwa wiki mbili baadaye.

Na nani alikuwa miongoni mwa waliompa Brown fedha? Gerrit Smith. Yule yule mwanzilishi wa Chama cha Uhuru, aliyewahi kukaa bungeni mwaka 1853 na 1854. Kabla yake Henry Highland Garnet, mchungaji mweusi, mwaka 1843 huko Buffalo aliwaita watumwa wagome na wapinge hata kwa kumwaga damu, na mkutano wa watu weusi ulikataa kuupitisha wito huo kwa tofauti ya kura moja. Garnet huyo huyo alikuwa mpiga debe wa Chama cha Uhuru. Garrison mnayemwita mkali alikuwa hataki silaha hata kidogo! Kwa hiyo mstari mnaouchora, huku wakali na kule wanasiasa, ukiwafuata watu mmoja mmoja unapotea.

#9 Mleta Mada

Mwalimu, hapo umeugeuza uzi wangu wote, na nashukuru.

Basi niseme kitu kilichoanza kunijia tangu dada alipoandika. Naona kambi zote mbili zilikuwa zikisukumwa na watu ambao hawakuhudhuria mkutano wowote, waliotembea usiku.

Chukueni sheria ya watoro ya 1850. Kwa nini ilitungwa? Kwa sababu watu walikuwa wakitoroka, na mabwana wakataka serikali kuu iwakamate. Sheria ile iliweka makamishna. Aliyeshitakiwa kuwa mtoro hakuruhusiwa kujitetea kwa ushahidi wake mwenyewe, wala hakukuwa na baraza la wazee wa mahakama. Kamishna akiamua mtu arudishwe utumwani alilipwa dola 10. Akiamua mtu huyo ni huru alilipwa dola 5. Watetezi wa sheria walisema tofauti ni ya kazi ya kuandika makaratasi. Raia wa kawaida aliweza kuamriwa kusaidia kukamata, na aliyemficha mtoro alikabiliwa na faini hadi dola 1,000 na kifungo hadi miezi sita.

Hapo mtu wa Kaskazini hakuweza tena kusema "hayo ni ya Kusini". Mei 1854 Anthony Burns, kijana aliyetoroka Virginia, alikamatwa Boston. Umati ulivamia mahakama usiku kumwokoa ukashindwa, mlinzi mmoja akafa. Siku ya kumrudisha askari walipanga mistari kutoka mahakamani mpaka bandarini, maduka yakatundika vitambaa vyeusi, na maelfu kwa maelfu wakasimama wakipiga kelele za aibu huku mtu mmoja anapelekwa melini. Ni mwezi mmoja tu baadaye Garrison akaichoma Katiba kule Framingham. Na ni mwaka huo huo chama cha Republican kilizaliwa. Kijana mmoja aliyetoroka ndani ya meli aliwasha wote wawili, mwenye kiberiti na mwenye kura.

(Burns baadaye alinunuliwa uhuru kwa michango ya watu, akasoma chuo cha Oberlin, akawa mchungaji.)

#10 Mgeni Jukwaani

Mkuu hoja hii ya watoro naipenda lakini vita ya wenyewe kwa wenyewe je, ile ya 1861 mpaka 1865, majimbo ya Kusini yalipoasi na kujitenga? Mwisho wa yote si jeshi la Lincoln ndilo lililovunja?

#11 Dada wa Maktaba

Kaka, hata ndani ya vita ni hadithi ile ile.

Usiku wa tarehe 23 Mei 1861 wanaume watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walipiga makasia wakavuka maji mpaka ngome ya Monroe, Virginia, iliyokuwa mikononi mwa jeshi la Kaskazini. Bwana wao alikuwa kanali wa Kusini na alikuwa akiwatumia kujenga ngome ya mizinga. Kesho yake akaja afisa na bendera nyeupe kudai warudishwe kwa sheria ya 1850. Kamanda wa ngome, Jenerali Benjamin Butler, kabla ya vita alikuwa wakili, tena mwanasiasa wa chama kilichowabembeleza watu wa Kusini. Alijibu: mmesema Virginia sasa ni nchi nyingine, sheria ya Marekani inawahusu nini? Akawashika wale watatu kama mali ya adui. Neno hilo "mali" linachoma, lakini halikumrudisha mtu. Habari zikasambaa. Kufika mwisho wa Julai walikuwa wamefika watu kama 900, wanaume, wanawake na watoto.

Lincoln bado alikuwa akisema vita ni ya kuokoa Muungano. Jenerali Frémont alipowatangazia uhuru watumwa wa waasi wa Missouri Agosti 1861, Lincoln alilifuta tangazo hilo. Mei 1862 Jenerali Hunter alitangaza vivyo hivyo kwa majimbo matatu, likafutwa pia. Lakini huwezi kuwafuta watu walioko langoni na vitoto vyao mgongoni. Bunge likatunga sheria Agosti 1861, likatunga nyingine kali zaidi Julai 1862. Aprili 1862 utumwa ukakomeshwa Washington kwa kuwalipa mabwana hadi wastani wa dola 300 kwa mtu. Wakati Tangazo la Ukombozi linatoka, njia ilikuwa imeshakanyagwa na nyayo za maelfu. Kisha wanaume weusi karibu 180,000 wakaingia jeshini.

#12 Mwalimu Mstaafu

Ongezeni na hili, maana Tangazo la 1863 lilihusu majimbo yaliyoasi tu. Kentucky na Delaware hazikuguswa. Kilichoua utumwa kisheria kote ni Marekebisho ya 13 ya Katiba, na hapo wakali na wanasiasa walikutana meza moja.

Mwaka 1863 Elizabeth Cady Stanton na Susan B. Anthony, wanawake waliolelewa na harakati za akina Garrison, waliunda umoja wa wanawake kukusanya saini za kutaka utumwa ufutwe kwa Katiba yenyewe. Tarehe 9 Februari 1864 wanaume wawili warefu weusi waliingia ndani ya Seneti wakiwa wamebeba mafungu makubwa ya karatasi zilizokunjwa, saini 100,000 za mwanzo, wakaziweka juu ya meza ya Seneta Charles Sumner. Sumner ndiye aliyepigwa bakora na mbunge wa Kusini mwaka 1856, ndani ya ukumbi wa Seneti wa wakati ule, mpaka akazimia kwa damu. Fikirini. Miaka ishirini nyuma Bunge lilikataa hata kusoma ombi la aina hiyo. Sasa linaingizwa na watu weusi kwa mikono yao. Hadi mwaka ule wa 1864 saini zilifika karibu 400,000.

Seneti ilipitisha Aprili 1864. Baraza la Wawakilishi likakwama Juni, kura 93 kwa 65, theluthi mbili haikufika. Halafu ukafuata uchaguzi, ushawishi, ahadi za vyeo, mambo yote ya siasa ambayo Garrison aliyachukia maisha yake yote. Tarehe 31 Januari 1865 ikapita: 119 kwa 56. Zilizidi kura mbili tu. Hapo nakubali kabisa, mwanangu, mahubiri pekee yasingezileta kura mbili zile.

#13 Mleta Mada

Mwalimu, nami nirudi kwenye sentensi yangu ya mwanzo kwamba kukataa kura lilikuwa kosa. Nairekebisha. Kwa Garrison wa 1844 sasa siioni kuwa kosa, maana kura zilizokuwapo zilikuwa kati ya bwana na bwana. Kosa lake ni lile la 1851, kumwona Douglass mlaghai. Na yeye mwenyewe 1864 alimuunga mkono Lincoln, wakati mwenzake wa miaka mingi Wendell Phillips alimkataa Lincoln kwa kuwa mlegevu. Mtu aliyechoma Katiba akaja kusherehekea Katiba hiyo hiyo iliporekebishwa. Sioni aibu kwake hapo. Karatasi ilibadilika, naye akabadilika nayo.

#14 Dada wa Maktaba

Lakini Mei 1865 ndipo ninapomwacha Garrison.

Vita imekwisha, chama cha kupinga utumwa kinakutana New York. Garrison anatoa hoja kivunjwe, kazi imekamilika. Phillips anapinga. Douglass anapinga: utumwa haujakoma mpaka mtu mweusi awe na kura. Wakapiga kura, hoja ya kuvunja ikashindwa 118 kwa 48. Garrison akajiuzulu, Phillips akashika uenyekiti. Gazeti likafungwa tarehe 29 Desemba 1865, baada ya miaka 35 bila kukosa wiki.

Mnaona mambo yalivyogeuka? Waliobaki wakali ndio waliodai kura. Yule aliyeanza kwa kuikataa kura ndiye aliyeona kazi imekwisha bila hiyo.

#15 Mleta Mada

Dada, tarehe hizo ziweke karibu na Mississippi.

Novemba 1865, mwezi mmoja kabla Garrison hajafunga gazeti, Bunge la Mississippi lilitunga sheria kwa watu waliokuwa wametoka utumwani juzi. Kila Januari mtu mweusi alitakiwa awe na maandishi ya kuthibitisha ana makazi na kazi. Akiacha kazi kabla ya mkataba kwisha ananyang'anywa mshahara wake wote wa mwaka ule mpaka siku aliyoacha, na mtu yeyote anaweza kumkamata na kumrudisha kwa mwajiri. Akihukumiwa kwa uzururaji na akashindwa faini, anakodishwa kwa yeyote atakayemlipia. Na Marekebisho ya 13 yenyewe yalikuwa yameacha mwanya: hakuna utumwa, isipokuwa kama adhabu ya kosa.

Phillips na wenzake waliendelea mpaka 1870, yalipopita Marekebisho ya 15 yaliyokataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi. Ndipo nao wakafunga ofisi. Mississippi mwaka 1890 ikaandika katiba mpya yenye kodi ya kura na mtihani wa kusoma, na katika vifungu vya kura neno "rangi" halimo.

Nikipata nafasi wiki ijayo nitaandika uzi mwingine juu ya 1890 hiyo. Mwalimu na dada, nawaomba msikose.

#16 Mwalimu Mstaafu

Nipo. Anza na Isaiah Montgomery, aliyezaliwa mtumwa Mississippi na akawa mjumbe pekee mweusi katika mkutano ule wa 1890. Aliipigia katiba ile kura ya ndiyo. Tutakuwa na mengi ya kubishana.